Betri ya moyo: kipi uiachie ijipange, kipi upange kwa mkono wako

Kosa langu kubwa la kwanza kwenye kliniki ya betri za moyo (pacemaker, kile kifaa kinachowekwa kifuani chini ya ngozi na kuupigia moyo umeme kwa waya) halikuwa la volti wala la waya. Lilikuwa la saa.

Alikuja mama mmoja muuza chapati, mtu wa makamo, mwenye betri ya waya mmoja. Umeme wa moyo wake ulikuwa umekatika kati ya vyumba vya juu na vya chini, na bila betri vyumba vya chini vilikuwa vinajikongoja kwa mapigo thelathini na kitu kwa dakika. Betri ilipangwa 60. Nikataka nimwekee mapigo ya usiku, ishuke hadi 50 akiwa amelala, maana usiku hata moyo mzima hupunguza mwendo. Nikamuuliza, "Mama, unalala saa ngapi?"

"Saa tatu, mwanangu. Saa kumi na moja nishawasha jiko."

Foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nikaandika kulala 03:00, kuamka 11:00, nikampa kadi yake, nikaita jina linalofuata.

Baada ya wiki tatu akarudi kabla ya tarehe yake. "Asubuhi sina mwili. Nakanda donge moja, nakaa. Ila ikigonga saa tano, utasema nimewashwa." Tukampima damu, tukampima presha, tukamuuliza anakula nini. Vyote salama. Nilipofungua ukurasa wa mapigo ya usiku ndipo nikaiona: 11:00. Saa tano asubuhi. Betri ilikuwa ikimlaza mpaka saa tano kama nilivyoiamuru, na alfajiri anapokanda unga moyo uko 50. Usiku, kuanzia saa tatu alipokuwa amelala kweli mpaka saa tisa, ilikuwa ikimpa 60 kamili.

Otomatiki ilifanya kazi yake bila kukosea hata siku moja. Ndiyo maana nikiwa na mwanafunzi pembeni yangu humwambia kwamba betri inajua kupima, haijui kuuliza. Vitu vya kupima unaweza kuiachia, kwa masharti. Vitu vinavyotaka kujua mtu anaishije, hivyo ni vyako.

Haya naandika kwa anayeanza kukaa mbele ya programa, ile kompyuta ya kuzungumza na betri. Kama betri iko kifuani mwako wewe, soma ujue cha kuuliza kliniki. Nyumbani hakuna kitufe cha kubonyeza, na asiyesomea hii kazi asiguse.

Anza na kadi ya mgonjwa, kwa sababu kila kampuni ina programa yake. Programa ya Medtronic haifungui betri ya Biotronik, wala ya Abbott haifungui ya Boston Scientific. Mgonjwa akija bila kadi, piga picha ya kifua. Mara nyingi alama ya kampuni huonekana kwenye kivuli cha betri. Kisha mfunge nyaya za ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, weka kile kichwa cha programa (kinafanana na kipanya cha kompyuta kilichonenepa) juu ya betri, isome, na kabla ya kubadilisha chochote hifadhi au chapisha mipangilio uliyoikuta. Karatasi hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea. Tafuta pia kitufe chekundu cha dharura. Kwenye programa nyingi ukikibonyeza betri hurudi papo hapo kwenye mapigo ya nguvu kubwa ya chumba cha chini, bila maswali. Kijue kilipo wakati mkono wako hautetemeki.

Halafu weka vidole kwenye mkono wa mgonjwa, usikie mapigo. Skrini inaweza kukuonyesha mistari mizuri ya umeme wakati damu haisukumwi.

Jambo la kwanza ninalolitafuta kwa mkono, na siiachii mashine kamwe, ni moyo wenyewe una nini chini ya betri. Shusha mapigo polepole, 60, 50, 40, hadi 30, kila hatua ukisubiri na kumwangalia usoni. Moyo wake ukijitokeza, vizuri, una mahali pa kuangukia. Usipojitokeza na mgonjwa akaanza kusema "naona giza", rudisha hapo hapo na uandike kwa herufi kubwa kwenye faili kwamba anategemea betri. Neno hilo linabadilisha maamuzi yote yanayofuata.

Sasa kizingiti. Hiki ni kiwango kidogo kabisa cha umeme ambacho moyo bado unaitikia. Kwa mkono unakitafuta hivi: panda mapigo hadi yazidi ya moyo wenyewe, tuseme 90, halafu shusha volti hatua kwa hatua, 2.0, 1.75, 1.5, ukitazama ECG. Kila kijiti cha betri, ule mstari mwembamba unaoonyesha betri imetoa umeme, kifuatwe na wimbi pana, ndilo itikio la moyo. Siku ya kwanza utaona vijiti tu macho yakikutoka, lakini ukizoea utaona kama watu wanaoitikia dua: amina, amina, amina, halafu kimya. Kijiti kimepita peke yake. Achia kidole mara moja. Kwenye programa nyingi kipimo hiki hufanyika kwa kushikilia kitufe, na ukiachia tu betri inarudi kwenye volti yake ya zamani. Kama kimya kilikuja kwenye 0.5, kizingiti ni 0.75, ile ya mwisho iliyoitikiwa.

Juu ya kizingiti unaweka akiba. Desturi ni mara mbili ya volti, kwa pigo lenye urefu wa kawaida wa milisekunde 0.4. Kwa kizingiti cha 0.75 hiyo ingekuwa 1.5, lakini mimi kwa anayetegemea betri sishuki chini ya 2.0, hata hesabu iseme nini, na wengi nawaacha 2.5. Na kwa nini usiweke 5.0 ukalala usingizi? Kwa sababu nishati hupanda kwa mraba wa volti. Chukua waya wenye ukinzani wa omu 500. Pigo la volti 5.0 linakula maikrojuli 20, la volti 2.5 linakula 5. Umepunguza volti nusu, umebaki na robo ya matumizi. Mtu anayepigiwa na betri muda wote kwa mapigo 60 hupokea mapigo 86,400 kwa siku. Betri ikiisha haichajiwi kama simu. Inafunguliwa ngozi, inabadilishwa yote, na hapa kwetu betri mpya ni fedha ambayo familia huuza kiwanja.

Betri za kisasa zinakifanya kipimo hiki zenyewe. Nyingine hupima mara moja usiku wa manane mgonjwa akiwa amelala, zikapanga volti ya kesho. Nyingine husikiliza kila pigo, na moyo usipoitikia hutuma pigo jingine la akiba lenye nguvu kubwa papo hapo, mgonjwa asijue. Mimi naipenda otomatiki hii, sikatai. Mgonjwa wa Songea anayenijia mara moja kwa mwaka, kizingiti chake kikipanda Machi, nani atamwona kabla ya Desemba? Mlinzi wa usiku yupo kila usiku, mimi sipo.

Ila kuna nyakati tatu ninapoizima au kuifunga mdomo. Miezi ya kwanza, mitatu hivi hadi minne, ncha ya waya inapoota kovu na kizingiti kinapanda na kushuka: hapo naacha 3.5 ya kudumu. Betri nyingi zenye otomatiki nazo hujizuia zisishuke katika kipindi hicho, lakini angalia, usidhani. Ya pili ni mgonjwa anayetegemea betri kabisa ambaye chati yake ya usiku haitulii. Ya tatu ni pale moyo wenyewe unapopiga sambamba na betri, mapigo mawili yakagongana, mashine ikashindwa kujua ni nani aliyepiga. Chati inakuja 0.75, 0.75, 2.5, 0.75, 3.0. Betri ikiogopa inajipandisha hadi 5.0, na mgonjwa anamaliza betri ya miaka kumi kwa woga tu. Pima kwa mkono. Ukipata 0.75 yako safi, mara mbili, zima otomatiki, weka 2.5, mwite baada ya miezi mitatu. Na ukipata kweli 3.0, basi mashine ilikuwa na haki na wewe una kazi ya kumwita daktari.

Nijuavyo mimi, kosa la vijana si kuiamini otomatiki wala kutoiamini. Ni kusoma namba ya otomatiki, kuinakili kwenye faili, na kuandika "kizingiti kimepimwa". Hujapima. Umesoma alichopima mwingine saa saba usiku.

Nitakupa mfano wa kile ambacho hakipimiki usiku. Bibi mmoja alikuwa akianguka jikoni. Si kila siku, na kila akija kliniki betri ni nzima. Ukinzani wa waya hupimwa na betri yenyewe kila siku, na chati yake ilikuwa imenyooka kama uzi: 520, 510, 530. Namba zikiruka ghafla kupita 2,000 unafikiria waya umekatika au umelegea kwenye betri. Zikianguka chini ya 200 unafikiria ganda la waya limechubuka. Hizi hazikuruka wala kuanguka. Nikamuuliza, "Bibi, shikamoo, ukianguka huwa unafanya nini?" "Marahaba. Natwanga kisamvu."

Nikamwomba asimame, mwenzangu akamshika kiuno, nikamwambia atwange hewani kwa mkono wa upande wa betri. Mtwangio wa tatu, mstari wa waya kwenye skrini ukajaa nyasi. Betri ikazidhani zile nyasi ni mapigo ya moyo, ikanyamaza kwa adabu, na ECG ikalala. "Acha, bibi, acha!" Waya ulikuwa umepasuka chini ya mfupa wa mtulinga, unafunguka mkono ukipanda tu. Usiku bibi amelala, mkono umetulia, betri inapima na kusema salama, na kwa saa ile ilikuwa inasema kweli.

Na usikivu wa otomatiki uliongeza kuni. Usikivu hupimwa kwa milivolti, na hapa wengi hujikwaa: namba ndogo ndiyo sikio kali. Ukiweka 0.5 betri inasikia hadi mnong'ono, ukiweka 4.0 inasikia kelele tu. Usikivu wa otomatiki hujinoa kadiri kimya kinavyoendelea, hivyo kila sekunde bila mpigo bibi alikuwa anapewa sikio kali zaidi la kusikia takataka. Tulimfunga kwa mkono: betri ipige 70 bila kusikiliza chochote, kwa siku chache, na kisu kikaitwa kubadilisha waya. Kwa mtu ambaye moyo wake bado unajipigia huwezi kufanya hivyo kirahisi, kwa sababu pigo linaweza kuangukia mahali pabaya. Kwa bibi hapakuwa na mpigo wa kugongana nao.

Kwa hiyo kila mgonjwa wangu, chati iwe nzuri kiasi gani, ananyoosha mikono, anaisukuma viganja kwa viganja, anajifanya anavuta maji kisimani. Dakika moja na nusu. Watu hucheka kwenye foleni wakichungulia mlangoni, wacha wacheke.

Betri ya nyaya mbili, mmoja chumba cha juu na mmoja chumba cha chini, ina otomatiki nyingine ya kuutafuta mpigo wa moyo wenyewe: inasubiri kidogo, ikiona vyumba vya juu vimeshusha umeme bila msaada, inakaa pembeni. Hiyo iache iwake kila inapowezekana. Utafiti wa DAVID uliochapishwa 2002, kwa watu wenye moyo dhaifu, ulionyesha kwamba kuwapigia chumba cha chini bila ulazima kuliwaongezea kufa au kulazwa kwa kufeli kwa moyo. Wengine husikia kusubiri kule kama moyo "umeruka". Wakilalamika sana, au njia ya umeme imekufa kabisa, izime.

Tuje kwenye mwendo, ambako otomatiki huniudhi kuliko kwingine kote. Betri nyingi zina kihisi kinachosikia mwili ukitikisika. Ukitembea, mapigo yanapanda. Kina akili ya kutikisika, hakina akili ya kazi. Mtu anayeshuka ngazi hupewa mapigo mengi kuliko anayepanda, kwa sababu kushuka kunatikisa zaidi, ingawa anayepanda ndiye anayehema. Anayeendesha baiskeli kwenye lami laini hupewa kidogo.

Na dereva wa bodaboda? Kijana mmoja alikuwa anaendesha kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, siku nzima amekaa. Alikuja na malalamiko mawili yaliyoonekana kugombana: akiwa juu ya pikipiki moyo unakimbia, akitembea kupanda kwao mlimani anachoka. Chati ya mapigo yake ilikuwa na rundo kubwa kati ya 100 na 120. Betri yake ilikuwa na otomatiki ya kujirekebisha: kila siku inalinganisha mapigo iliyoyatoa na kiasi inachoamini mtu wa kawaida anahitaji, ikiona yamezidi inapunguza makali. Ikaona kijana huyu "anatembea" saa kumi kwa siku. Ikapunguza, ikapunguza. Barabara ilivyo mbaya, mapigo bado yalikuwa yakipanda akiwa juu ya pikipiki, na mlimani, ambako mtikisiko wa miguu ni mdogo kuliko wa mashimo, hakupata kitu.

Hapa unazima kujirekebisha, unapanga mwenyewe. Kuna vipande viwili: mtikisiko uwe mkubwa kiasi gani ndipo betri ianze kujali, na ikishajali ipande kwa kasi gani. Nilipandisha cha kwanza ili mitikisiko midogo ipuuzwe, nikaongeza cha pili kidogo. Kisha korido. Mtembeze mwendo wake wa kawaida dakika mbili, si mwendo wa gwaride. Nataka 85 hadi 95. Mpandishe ngazi, uone anafika ngapi na anasemaje. Kwa kijana huyu nilimwomba pia akae juu ya pikipiki yake nje, injini ikiwaka, kisha azunguke uwanja wenye mashimo wa hospitali mara tatu na kurudi moja kwa moja kitandani nisome. Askari wa getini alihoji. Tulipata 84 kwenye mashimo na 98 kwenye ngazi, baada ya kurekebisha mara nne. Haikuwa kamili, kihisi cha kutikisika hakitajua kamwe tofauti ya shimo na hatua. Lakini sasa anapanda kwao bila kukaa njiani.

Narudi kwenye saa, maana kuna mtego mwingine ndani yake. Saa ya betri hufuata saa ya programa iliyoipanga. Wagonjwa wengi wa Tanzania waliwekewa betri India, na India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Mzee aliyewekewa kule, usingizi ukipangwa 21:00 hadi 05:00, akirudi Dar es Salaam betri inamlaza saa kumi na mbili na nusu jioni, anapojiandaa kwenda Magharibi, na kumwamsha saa nane na nusu usiku. Tarehe na saa za betri ziangalie kabla ya chochote kingine kwenye ukurasa huo, na uangalie pia saa ya programa yenyewe, hasa ikiwa imekaa kabatini umeme ukikatika mara kwa mara.

Kisha uliza kwa Kiswahili, jibu ulirudie kwa Kiswahili, na uandike kwa kompyuta: "Saa tatu usiku, giza limeingia, sivyo mama?" Ndipo 21:00. Uliza pia kama ni mlinzi, mvuvi au nesi wa zamu. Mtu anayelala mchana kwa zamu zinazobadilika, zima mapigo ya usiku kabisa. Na mwezi wa Ramadhani mtu anaamka kula daku saa kumi. Panga aamshwe mapema au uizime mpaka Idi.

Ukimaliza kupanga, chapisha mipangilio mipya, iweke juu ya ile uliyoikuta mwanzo, upite mstari kwa mstari kwa kidole. Kila namba iliyobadilika uwe na sababu yake. Kwa anayeishi mbali naandika pia kwenye kadi mapigo ya sumaku: betri ya Medtronic ikiwekewa sumaku hupiga 85 ikiwa nzima na 65 ikikaribia kubadilishwa, hivyo hata zahanati yenye sumaku na saa ya mkononi inaweza kunipigia simu. Sumaku za aina hiyo zimo pia kwenye simu na spika. Mwambie asiweke simu mfuko wa shati upande wa betri, aiache umbali wa sentimita 15.

Yule mama wa chapati bado ni mgonjwa wangu. Kila nikimuuliza saa ya kulala ananitazama kwanza, kisha anataja polepole kama anayemsomesha mtoto: "Saa tatu ya usiku, mwanangu. Ile yenye mbu."